Mapezi ya kuzamia sio saizi ya mguu tu

Mhariri salamu, naomba kanafasi niongee na vijana wanaoanza kuzamia na mtungi wa hewa huku Nungwi na Pemba, jamani msikubali kupewa mapezi yoyote yale mradi yamekutosha.

Mimi nilianza na yale yaliyotengenezwa na mpasuko katikati ya bapa, nikaambiwa mepesi hayachoshi, na kweli magoti yanashukuru, ila siku mkondo ulipotukuta nje ya kisiwa cha Mnemba nilipiga miguu mpaka basi naona matumbawe yaleyale tu, alafu ukitaka kurudi nyuma kidogo au kupiga teke la chura karibu na mchanga hayashiki maji kabisa. Sasa hivi natumia ya mpira mzito yenye matundu, aina ya Jet Fin. Mazito hayo! Kwenye begi la ndege utalia. Lakini chini ukitaka kugeuka unageuka, na uzito wake unashusha miguu, nzuri kwa aliyevaa wetisuti nene, ile nguo ya mpira ya kuzamia, maana nguo hiyo inamwelesha, ila kama miguu yako tayari inazama yenyewe utaishia kutifua mchanga na kuvunja matumbawe.

Sasa upande wa kisigino: ukiingia majini kutoka kwenye boti, maji yetu ya vuguvugu haya, yale ya kuvaa mguu mtupu kama raba yanatosha. Maji yakikupwa ukatembea juu ya mwamba wenye miiba ndo utajua kwanini watu wananunua buti na mapezi ya kamba, yale yaliyo wazi kisigino yanayofungwa kwa nyuma. Na kamba tafuteni ya springi, ya mpira ilinikatikia mtungi ukiwa mgongoni.

Mzamiaji, Nungwi