Mabinti nao waitwe kwenye kikao cha mirathi

Mhariri naomba nafasi. Hapa Mwanza mjini kuna familia za Kihindu zinaishi pamoja, babu, wana na wajukuu, duka moja jiko moja, mzee akifariki tu ndugu hawasalimiani, huyu kabadilisha kufuli la stoo yule kaficha hati ya nyumba. Na mabinti ndo hawaitwi kabisa eti mlishaolewa! Jamani India kwenyewe sheria ya mirathi ya 1956 ilirekebishwa 2005, binti ana fungu sawa na kaka yake kwenye mali ya ukoo tangu anazaliwa, na 2020 Mahakama ya Juu ikasema hata kama baba alifariki kabla ya 2005. Sisi Wasukuma nasi tunawafanyia dada zetu hivyohivyo, inauma sana. Wazee andikeni wosia mapema, na kwenye kikao hata aliyeolewa Bukoba apigiwe simu aje.

Msomaji wenu, Kirumba, Mwanza