Kalaba asihesabiwe kwa magoli tu

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, Rainford Kalaba akitajwa, mabishano huishia kwenye magoli. Kiungo hapimwi hivyo. Mzambia huyu alijiunga na TP Mazembe, klabu ya hapa kwetu, mwaka 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2015, kisha Kombe la Shirikisho la Afrika 2016 na 2017. Katika timu ya taifa alikuwa bingwa wa Afrika 2012 huko Libreville: Zambia iliishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7. Kalaba alikosa yake, Gervinho akakosa pia, ndipo Mzambia mwenzake Sunzu, naye wa Mazembe wakati huo, akamaliza kazi.

Makocha wa vijana wa Kamalondo na Kenya, wilaya za hapa Lubumbashi, wafundishe kile kisichoonekana kwenye matokeo. Kabla pasi haijafika, kiungo ageuze kichwa mara mbili, kulia na kushoto. Asimame ubavu, aupokee mpira kwa mguu ulio mbali na adui. Mguso wa kwanza uelekee mbele. Anayepokea akitazama goli lake hana njia ila kurudisha nyuma, na adui akimbana mgongoni mpira unapotea mahali pabaya kabisa.

Zoezi ni jepesi: mraba wa mita 10, wanne wenye mpira dhidi ya wawili, miguso miwili tu. Kwenye kiwanja cha vumbi mpira hurukaruka, basi anzeni na miguso mitatu.

Msomaji wenu,
Lubumbashi