Swali la ujirani halitoshi kupima ubaguzi

Mhariri,

Kila yanapochapishwa matokeo ya uchunguzi wa maoni yanayoonesha kwamba wananchi wengi hawana tatizo kuishi jirani na wahamiaji, mimi niliyewahi kuzunguka mitaani na dodoso mkononi hutaka kwanza kujua swali lilitamkwaje. Mwenyeji aliyekukaribisha kivulini na kukupa maji hawezi kukutamkia, mbele ya wanawe, kwamba hapendi wageni. Tena neno lenyewe “mgeni” humtaja aliyekuja kutembea na aliyetoka nchi nyingine, hivyo tukilitumia huenda tunapima ukarimu tukidhani tumepima ubaguzi. (Niliposema “mhamiaji”, nyuso zilibadilika.)

Mwaka 1995 wanasaikolojia Thomas Pettigrew wa Marekani na Roel Meertens wa Uholanzi walichapisha kipimo cha ubaguzi chenye hoja 20, wakitumia majibu yaliyokusanywa mwaka 1988 Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Ujerumani Magharibi. Hoja 10 zilihusu ubaguzi wa wazi: je, wahamiaji wanachukua ajira zetu, je, ungeridhia mmoja wao awe bosi wako au aoe katika ukoo wako? Nyingine 10 zilihusu ule wa chinichini, usiomtukana mtu: kudai kuwa wangefanikiwa kama wangejitahidi, kuzikuza tofauti za dini, lugha na malezi, na, hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe, kuulizwa ni mara ngapi umewahi kuwaonea huruma au kuwastahi. Asiyekiri chuki yoyote, lakini pia hana chembe ya huruma, huonekana hapo. Watu wa aina hiyo hawakutaka wahamiaji wote warudishwe kwao. Walitafuta sababu inayosikika ya haki, kama vile kukosa hati.

Wapo wataalamu waliozichambua upya takwimu hizo mwaka 2001 na kukipinga kipimo, hasa hoja zake za tofauti za utamaduni. Pingamizi hilo naliona zito kwetu, ambako makabila hutaniana kwa tofauti hizohizo hata msibani, lakini haligusi maswali ya huruma.

Tanzania, iliyowapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa wimbi la ukimbizi la mwaka 1972, ina sababu ya kujua majirani zao wa leo wanawaonaje. Naomba gazeti lako, litakapochapa tena asilimia za namna hii, lichape pia swali neno kwa neno, kama mhojiwa alivyolisikia kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Dodoma