Mwanangu, hayo mabaki yasishuke na maji

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Muheza hatujambo, baba yako na miguu yake ile ile. Picha za nyumba nimeziona. Juma alizikuza kwenye simu mpaka nikaona bawaba za mlango. Mashaallah. Nimemwonyesha bibi yako, nimemwonyesha shangazi, hata yule muuza mkaa nimemwita aone, na milima ya Uluguru imejipanga nyuma ya paa.

Lakini nimeona na kingine. Yale majani mabichi yenye vijiua vya manjano, yaliyotoka kibarazani mpaka ukingo wa kijito, ni wedelia. Na ule ua wa upande wa jirani ni lantana. Uliposema kwamba yule kijana atakuja kufyeka vyote kabla hujaenda Dodoma, na mabaki "yatashuka na maji", usingizi ulinipaa. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu utaniambia "sawa mama", kisha ufanye lako.

Asitupe kitu kijitoni. Hata kijiti.

Wedelia haina haja ya mbegu. Shina lake likigusa udongo wenye unyevu, kila kifundo kinatoa mizizi. Fyekeo likipita juu yake, shina moja linakuwa vipande vingi, na kila kipande chenye kifundo ni mche tayari. Kwa hiyo kijana wako atakuwa anapanda, nawe unamlipa. Maji ya hapo kwako yanaingia mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo anayokunywa dada yako huko Ubungo. Mtu wa chini yako atakuta wedelia ukingoni kwake na hatajua imetoka kwa nani. Mungu atajua.

Usidhani ni mama na woga wake. Waulize watu wa Mwanza habari za magugu maji. Nayo yalivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya ua lake, maana ni zuri kweli. Miaka ya 1990 yalijaa Ziwa Victoria mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, wakalazimika kuleta fukusi wa kuyala. Na hapa juu kwetu Amani, Wajerumani walifungua bustani yao mwaka 1902 wakaleta mimea ya kila pembe ya dunia kuijaribu. Mingi ilitulia pale ilipopandwa. Mingine, kama ule mti wa mesopsis, ilitoka ikaingia msituni, na hao Wajerumani wameshaondoka zamani.

Sasa sikiliza. Wedelia ing'olewe kwa mkono, siku inayofuata mvua, udongo ukiwa laini. Isifyekwe. Mwambie kijana aanzie kijitoni, aje juu kuelekea nyumbani, si kinyume chake, ili kinachodondoka kidondokee mahali atakapopita tena. Kila kipande kiingie kwenye kiroba. Kisha mtandaze hayo majani juu ya bati au saruji, juani, mpaka yakauke yavunjike mkononi, ndipo uchome. Usiyalundike juu ya udongo, yatajishikiza hapo hapo. Wala usiyatie kwenye shimo la mboji ukidhani unabana matumizi. Halafu mtu arudi kukagua baada ya wiki chache, na tena, na tena. Wewe ni mhasibu, nikueleze nini? Kipande kimoja ukikiacha ni mkopo wa kausha damu.

Na hapo ndipo penye wasiwasi wangu, kwamba atakayerudi kukagua ni nani, wewe ukiwa Dodoma? Kijana ukimlipa zote mkononi leo, kesho humwoni. Mlipe nusu. Nusu nyingine atume kwanza picha ya kiroba na picha ya kijito. Nimemwambia baba yako hivyo akacheka, akasema nakudhania mtoto. Sikudhanii mtoto. Ila kwenye mambo ya kutupa takataka hukuwahi kunisikiliza, na shimo la nyuma ya jiko letu linajua.

Lantana ni habari nyingine. Ukikata juu, kisiki kinachipua. Ukiichoma, inachipua vilevile. Chukua sululu uking'oe kisiki chenyewe na kichwa cha mizizi yake. Na ifanyike kabla matunda hayajawa meusi, kwa sababu yakishakuwa meusi ndege wanayala na kwenda kuyapandia watu wengine. Umesema jirani ana ng'ombe wa maziwa. Basi matawi yasirushwe upande wake hata kidogo. Ng'ombe akila majani ya lantana ini linaharibika, na akisimama juani ngozi inababuka. Nenda kamwambie mwenyewe, mkae mlizungumze hilo, usimtume kijana. Ndiyo kwanza unahamia, usianze na kesi ya ng'ombe. Kuhusu ua wetu wa hapa nyumbani, usiniulize nani aliupanda. Baba yako ana jibu lake na mimi nina langu.

Dukani kwenye pembejeo watakuuzia dawa ya kuua magugu. Sikukatazi, mtu mzima wewe. Lakini si ukingoni mwa maji. Hapo ni mikono tu.

Nimesahau ndago. Kwenye picha ya tatu, karibu na tangi, nimeona majani membamba yanayong'aa, na kama macho yangu bado ni yangu, hiyo ni ndago. Imekuja na ule udongo wa lori ulionunua kwa ajili ya waridi. Usiilime! Chini kuna viazi vidogo vimeungana kama tasbihi, jembe likivitenganisha kila kimoja kinaota peke yake. Ichimbue kwa jembe uma, polepole, ukifuata mnyororo mpaka mwisho, uvitoe vyote. Na nailoni nyeusi usihangaike kununua, ncha ya ndago inaitoboa. Inachokiogopa ni kivuli. Ukishachimbua, panda viazi vitamu pale msimu mzima vifunike ardhi, waridi wasubiri. Najua hutaki viazi mbele ya nyumba. Matembele utakula.

Na ukitaka maua, sikukatazi maua. Panda asmini, unayajua matunzo yake. Kwa kibarazani, penye kivuli, tafuta lile ua letu dogo la zambarau, urujuani wa Usambara. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa Tanga alilituma kwao miaka ya 1890, na leo Wazungu wanaliweka dirishani nchi nzima. La kwetu likaenda kwao likakaa kwenye chungu kwa adabu! Hata kwenye misitu ya Uluguru jamaa zake wapo. Lakini usiende kuyang'oa msituni, yamebaki machache. Nunua kwa wauza miche, na kabla hujalipa chakura udongo wa hicho chungu uone kama hakuna kiazi cha ndago ndani.

Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyejenga kwa jina lake kabla yako. Hilo ndilo lilipaswa kuwa juu ya barua, lakini wedelia ilinitangulia machoni.

Mengine ni ya kawaida. Shangazi yako bado anasubiri kitenge. Kuku mweupe ametotoa. Mganga wa zahanati amemwambia baba yako apunguze chumvi, sasa anakwenda kula kwa jirani. Bibi anauliza umechukua chandarua cha ziada, maana Dodoma nako kuna mbu siku hizi, na mimi nauliza umeshapata mtu wa kulala pale nyumbani. Binamu yako Salehe yupo Kihonda hana kazi, mpe chumba cha uani akuangalizie. Yeye ndiye akague kijito, mwandikie tarehe kwenye karatasi maana kichwa chake unakijua.

Juma atakuletea mabati mawili ya kuanikia, yale yaliyobaki tulipoezeka jiko, yatakuja na basi la Ijumaa pamoja na nazi na kiroba cha machungwa. Nauli ya mzigo kalipa baba yako. Mtumie, lakini usimwambie kwamba nimekwambia.

Mama yako