Mshipa upi, Mhariri?

Mhariri,

Katika ukurasa wa afya wa toleo lenu la wiki iliyopita mlichapisha makala kuhusu kiharusi ambamo neno "mishipa" limetumika, kwa hesabu yangu, mara 14, na hakuna hata mara moja mwandishi alipotuambia ni mishipa gani. Mara "mishipa ya kichwa imechoka", mara "mishipa ya mkono imelala", na mwishowe msomaji anashauriwa "kulainisha mishipa" kwa mafuta na mazoezi. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninaandika kwa sababu neno hilo likiachwa hivyo linampeleka mgonjwa kusiko.

Kiswahili chetu huita mshipa karibu kila kitu chembamba na kirefu kilicho chini ya ngozi. Njia ya damu ni mshipa; neva ni mshipa wa fahamu; kano inayofunga msuli kwenye mfupa nayo ni mshipa; na huku Pwani ukimsikia mtu akisema kwamba mzee fulani "ana mshipa", wasikilizaji huinamisha macho, maana wanajua ni ngiri au busha. Hili si kosa letu peke yetu. Wagiriki wa kale nao walitumia neno moja kwa neva, kano na uzi wa upinde, mpaka tabibu Herophilus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipopasua maiti mjini Alexandria nchini Misri na kuzitenga neva na vitu vingine vinavyofanana nazo.

Tofauti zenyewe si za kitaaluma tu. Mshipa wa damu ni bomba: una tundu, unapitisha kimiminika, ukikatwa unavuja. Neva si bomba. Ni kifurushi cha nyuzi, kila uzi ukiwa ni mkia mrefu wa seli moja, na kinachosafiri humo ni mabadiliko ya umeme. Nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta hupitisha taarifa kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde, ilhali nyuzi nyembamba za maumivu ya polepole huenda kama mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unajua umejikwaa, kisha unangoja kidogo, ndipo uchungu wenyewe unapowasili. Kano ni kamba ya kuvutia mfupa, basi. Hata hilo jina "mshipa wa fahamu" lina walakini wake, kwa kuwa fahamu hukaa kwenye ubongo, na neva zinazoliamuru tumbo lisage chakula hazimshauri mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye kiharusi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, yaani takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala ya kuiweka. Ateri inayoulisha, yaani mshipa unaoupelekea damu kutoka moyoni, ikizibwa na bonge la damu, seli za eneo lile huanza kufa baada ya dakika chache. Kwa hiyo tatizo huanzia kwenye mshipa wa damu, madhara hutokea kwenye ubongo, na dalili hujitokeza kwenye mkono ambao neva zake zote ni nzima. Hizo ni sehemu tatu mbalimbali, na mwandishi wenu amezitia zote katika kapu moja.

Dada yangu mkubwa, anayeishi kijijini, aliamka alfajiri moja akashindwa kushika kata ya maji. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na kinywani lilimtoka neno moja tu: "basi, basi." Aliitwa mkandaji, mzee mwenye heshima zake, akamwambia, "Mama, hapa mishipa imejikunja tu. Nikiinyoosha siku tatu utasonga ugali mwenyewe." Akaukanda mkono ule kwa mafuta ya mnyonyo, akauvuta na kuunyoosha, asubuhi na jioni. Mimi nilifika siku ya tatu. Nilimwambia, "Dada, hebu inua nyusi," akaziinua, na makunyanzi yakajichora sawasawa pande zote mbili za paji la uso, ilhali pembe ya mdomo upande wa kulia ilibaki imening'inia. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo; ile ya mdomoni hutegemea zaidi upande mmoja, ule wa mkabala. Paji likisalimika na mdomo ukianguka, shaka yote huelekea kwenye ubongo.

Ninaye pia jirani, fundi seremala, ambaye nusu nzima ya uso wake ililala, paji na yote, na jicho likagoma kufumba. Huyu aliathirika neva yenyewe, ya saba katika zile jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, na baada ya wiki kadhaa za dawa na kulikinga jicho lisikauke alipona. Wote wawili waliambiwa mitaani kwamba ni "mishipa ya uso".

Picha ya ubongo wa dada ilionyesha madhara upande wa kushoto, kama nilivyotarajia. Nyuzi nyingi zinazobeba amri za mwendo huvuka kwenda upande wa pili pale shina la ubongo linapokaribia kuwa ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, na kwa watu walio wengi usemi nao hukaa kushoto. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu, na alipokufa akakuta kidonda sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande huo huo wa kushoto. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba damu haikuvuja. Sidai kwamba dada angeiwahi. Kwa barabara zetu huenda asingeiwahi hata angeondoka dakika ile ile. Lakini bega lake lingenusurika. Mkono uliolegea hauna misuli ya kulishikilia bega, na ule mvuto wa siku mbili ulilitegua. Mpaka leo ndilo linalomnyima usingizi.

Kuna na hili la "homa ya uti wa mgongo". Nimewaona akina mama wakimpapasa mtoto mgongoni kutafuta pingili iliyouma, huku shingo ya mtoto imekakamaa mbele ya macho yao. Ugonjwa huo si wa mifupa, ni wa utando unaofunika ubongo na ugwe unaopita ndani ya ile mifupa. Jina limekwisha kuota mizizi na siombi libadilishwe, ila kila mnapoliandika ongezeni sentensi moja ya kulieleza.

Kwa mengine ombi langu ni dogo: andikeni "mshipa wa damu" au "ateri" pale mnapokusudia damu, "neva" mnapokusudia neva, na "kano" mnapokusudia kano. Tena ule mchoro wa mwili uliokuwa pembeni mwa makala, uliopakwa rangi nyekundu tangu kichwani hadi vidoleni, mkiurudia neva zipakeni manjano kama ilivyo desturi ya vitabu vya anatomia, nyekundu muiachie ateri na buluu muiachie vena, ile mishipa inayoirudisha damu moyoni.

Muuguzi mstaafu,
Tanga