Mwanangu, usinunue betri kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na huku Tanga sote tu wazima. Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza vizuri. Stata ya hiyo Land Rover yako inazungusha injini kinyonge, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, halafu inakata. Fundi wako anasema betri imekufa. Ukinunua mpya na hali ikawa ileile, atasema stata. Huenda yuko sahihi, ila hajapima kitu, na pesa yako ya mshahara haiendi kwa kubahatisha.

Gari linalopiga stata kwa kasi lakini haliwaki, ugonjwa wake uko kwenye mafuta au moto wa plagi: kabureta, pointi, kondensa, koili. La kwako si hilo, kwa hiyo mtu asikufungulie kabureta. La kwako injini haizunguki kwa kasi inayotakiwa. Ama betri haina nguvu, ama umeme unapotelea njiani, ama injini au stata yenyewe imekuwa nzito.

Kumbuka pia kwamba Njombe mwezi wa saba si Tanga. Baridi inaipunguzia betri nguvu na papo hapo inaifanya oili kuwa nzito, kwa hiyo gari linapigwa pande zote mbili. Huku pwani lilikuwa linawaka hata tamino, vile vibanio vya nyaya kwenye betri, zikiwa chafu. Kama bado lina ile oili nzito ya SAE 50, imwage uweke 20W-50, isiyo nzito hivyo wakati wa baridi. Hilo fanya hata kabla ya vipimo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washa taa kubwa ziangalie ukuta, mtu apige stata wewe ukitazama mwanga. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi. Taa zikibaki na nguvu zake huku stata inajikokota, ujue umeme upo ila haufiki. Mimi nabashiri hilo la pili. Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hiyo 109 yako, ile ndefu, sidhani kama nyaya zake kubwa zimewahi kubadilishwa.

Sasa chukua mita, uiweke kwenye volti za DC. Betri iliyolala usiku kucha isome 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu, ichajiwe kwanza, maana vipimo juu ya betri yenye njaa vitakudanganya. Ikishajaa, hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, chomoa waya mwembamba wa koili ili injini isiwake, kisha mtu apige stata kwa sekunde chache. Betri ikibaki volti 10 au zaidi, haina kosa. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, hapo ndipo nitakubali kuzungumza habari za kununua.

Kipimo ninachokipenda ni kinachofuata. Pini moja ya mita iguse nguzo chanya ya betri, yaani risasi yenyewe, si tamino iliyoibana. Nyingine iguse skrubu kubwa ya stata. Piga stata. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani, na zisizidi 0.5. Kisha nguzo hasi na bodi ya stata: hapo zisizidi 0.3. Ukikuta 1 au 2, umempata mwizi. Sogeza pini kiungo kwa kiungo, pamoja na zile skrubu mbili kubwa za solenoidi, ile swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye stata, mpaka uone namba inaporuka.

Fundi atakwambia waya ni mzima kwa sababu ameupima kwa omu, yaani ukinzani wake. Usimkatalie mbele za watu, lakini piga hesabu mwenyewe. Stata ikivuta ampea 200, kiungo chenye omu 0.01 tu kinameza volti 2, na mita ya kawaida haiwezi kuisoma hiyo 0.01 kwa uhakika. Ndiyo maana nasisitiza upime stata ikiwa kazini.

Ukizifungua tamino, anza na hasi. Nje zinaweza kung'aa, lakini ndani utaona risasi imevaa ngozi nyeusi. Ikwangue kwa msasa mpaka irudi rangi ya fedha, kaza, ndipo upake grisi juu. Halafu ingia chini ya gari. Injini imekalia mpira, kwa hiyo bila ule mkanda wa ethi, waya wa kusuka unaoiunganisha na chesisi, umeme hauna njia nzuri ya kurudi. Mkanda ukioza, umeme unajitafutia njia nyingine: ukishika waya wa choki baada ya kupiga stata ukauona umepata moto, usitafute zaidi. Mahali unapofungwa, kwangua kutu na rangi mpaka chuma kitupu.

Nyaya zikiwa safi na bado inajikokota, toa plagi zote uzungushe injini kwa hendeli. Swichi ikiwa imezimwa, mama, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, uvute kuelekea juu. Pointi zikiwa zimewahisha moto, hendeli inaweza kurudi nyuma ikakuvunja mkono siku utakayoitumia kuwashia. Bila plagi injini izunguke kwa ulaini. Ikiwa laini, ndipo stata ishuke. Angalia kaboni zinazopeleka umeme ndani yake zimebaki fupi kiasi gani, na bushi zinazoshika ekseli yake. Bushi zikilika, amecha, yaani kile kiini kinachozunguka, inakwaruza pembeni, utaona imeng'aa. Stata ya namna hiyo husumbua zaidi injini ikiwa ya moto. Bushi ni bei ndogo. Asikuuzie stata nzima kwa ajili yake.

Gari likishawaka, pima betri tena injini ikizunguka kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya gari lililosimama bila kukanyagwa mafuta: isome 13.8 hadi 14.4. Chini ya hapo alteneta haichaji inavyotakiwa, na betri mpya ingekufa vilevile.

Nimekutumia kwa basi la Ijumaa mkanda mpya wa ethi, bushi za stata na msasa. Vipimo vyote niandikie kwenye karatasi, hata vile unavyoona havina maana, na umwachie fundi akusaidie kushusha stata kama itabidi. Ile boliti ya juu haifikiki kirahisi.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako