Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Apophis inapita 2029, watoto wetu waione wakijua wanaangalia nini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, shikamoo.

Mi ni mwalimu wa fizikia huku Mbozi, mkoa wa Songwe. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu hili jambo sio la shule yangu tu, ni la shule zote, na muda tulionao sio mwingi kama unavyoonekana.

Juzi kati mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi, ana voisi noti imetumwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wao, jamaa anaongea kwa uhakika kabisa kwamba mwaka 2029 kuna jiwe linakuja kutoka angani na dunia ndo inaishia hapo. Mtoto akaniuliza, mwalimu sasa mi nasoma wa nini? Mheshimiwa, sikulala vizuri siku ile. Maana jiwe lenyewe ni la kweli, linaitwa Apophis, tarehe ni ya kweli pia, Ijumaa 13 Aprili 2029, uongo ni hapo kwenye kutugonga tu, na uongo uliochanganywa na ukweli kiasi hicho unamshinda hata mtu mzima.

Kesho yake niliacha mada niliyopanga nikawaeleza darasa zima. Hii asteroidi iligunduliwa Juni 2004, ina upana wa kama mita 340, na Desemba ya mwaka huohuo mahesabu ya mwanzo yalionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 wa kugonga dunia, watu wakashtuka kwelikweli. Ila walivyozidi kuipima njia yake hofu ikazidi kupungua, mpaka mwaka 2021 walipoipiga rada ikapita mbali na wakasema haitagonga kwa angalau miaka 100 ijayo. Siku hiyo ya 2029 itapita kama kilometa 32,000 kutoka uso wa dunia, yaani karibu kuliko zile satelaiti za TV zilizokaa kilometa 36,000 huko juu, halafu inaendelea na safari yake. Nilichora yote ubaoni. Yule mtoto akakaa kimya kidogo halafu akauliza, kwa hiyo tutaiona?

Ndio Mheshimiwa, tutaiona! Afrika ni kati ya sehemu ambazo itaonekana kwa macho matupu, bila darubini, kama nyota ya kawaida ila inasogea. Jiwe la ukubwa ule kupita karibu hivyo ni jambo la nadra sana, na Umoja wa Mataifa umeshautangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuelimisha watu kuhusu asteroidi na kuilinda dunia nazo. Marekani wameshakigeuza chombo chao kilekile kilicholeta udongo wa asteroidi Bennu mwaka 2023, kwenda kuichunguza Apophis baada ya kupita kwetu. Sisi tumejiandaa na nini?

Na hapa ndo naongea kama mtu wa Mbozi. Kile kimondo chetu pale Ndolezi kina urefu wa kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 12 na wengine wanasema hata 16, karibu chote ni chuma na kiasi cha nikeli, na ukikigusa mchana wa jua unasikia kabisa hili sio jiwe la hapa. Wajapani walisafiri mpaka asteroidi Ryugu wakarudi 2020 na gramu 5.4 tu, Wamarekani kutoka Bennu wakapata gramu 121.6. Najua huwezi kulinganisha moja kwa moja, zile sampuli zilifungwa zisiguse hewa yetu na ndo maana kwenye ile ya Bennu wamekuta amino asidi 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe hai wanatumia kujenga protini, wakati chuma chetu kimekaa ardhini miaka na miaka. Lakini kwa mtoto wa kidato cha pili kuweka mkono juu ya kitu kilichotoka huko kunafundisha kuliko picha yoyote. Halafu Agosti ya 2029 hiyohiyo chombo kingine, Psyche, kinatarajiwa kufika kwenye asteroidi yenye chuma kingi, upana wake zaidi ya kilometa 200, kwenda kuangalia kama ni kiini cha sayari changa iliyovunjika. Vimondo vya chuma kama chetu vinaaminika vimetoka kwenye viini vya namna hiyo. Sasa niambie ni nchi ngapi zina kipande kama hicho kijijini!

Niliwahi kuomba usafiri niwapeleke wanafunzi kwenye kimondo, nikajibiwa haipo kwenye mtaala. Mheshimiwa ipo. Momenta, yaani tungamo la kitu mara kasi yake, ipo kwenye silabasi, na Septemba 2022 chombo cha DART kiligongeshwa makusudi kwenye asteroidi ndogo ya Dimorphos, muda wake wa kuzunguka asteroidi mwenzake ukashuka kutoka saa 11 na dakika 55 mpaka saa 11 na dakika 23. Nilivyofundishia mfano huo badala ya vigari vya kwenye kitabu, hata wale wa nyuma waliinua mikono.

Ninachoomba sio hela za roketi. Naomba kijitabu kwa Kiswahili chepesi kifike shuleni mapema, kabla hizo voisi noti hazijawa nyingi, na walimu wa sayansi na jiografia tupewe semina hata ya siku mbili. Darubini moja kwa kila wilaya ingetosha kuanzia, watoto wazoee kuangalia Mwezi na Jupita ili siku yenyewe wasiwe wageni wa anga. Halafu Aprili ni masika, tusiweke macho yote sehemu moja, watu wa hali ya hewa washirikishwe na vituo viwe mikoa tofauti, kukiwa na mawingu Mbozi basi Dodoma au Singida waone na waturushie picha.

Na shule za bweni zipewe ruhusa maalum usiku ule wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, maana itakuwa karibu zaidi kama saa saba kasoro robo usiku, kengele ya kulala imeshagonga zamani. Mi nitaomba kibali cha kuwa na wanafunzi wangu pale Ndolezi pembeni ya kimondo, na yule aliyeniuliza anasoma wa nini nimeshamwambia jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha.

Ni mimi mwalimu wa fizikia,
Mbozi, Songwe.